Vijiti Sita vya Mlangoni kwa Mama

3 Februari

Mziwanda wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo sote, isipokuwa cherehani, ambayo tangu juzi inakata uzi kila ikifika kwenye kona ya kola. Binti yangu anakusalimu. Amejifunza kupiga mluzi na sasa hatupumui. Shemeji yako amerudi salama na lori lake. Nilimuuliza safari ilikuwaje, akajibu, "Ndefu." Unamjua, Bwana Kimya hajabadilika.

Najua umeshangaa kupata barua. Lakini tangu ule ugomvi wetu wa siku ya mazishi ya mama tulikubaliana kwamba simu iwe ya ugonjwa na misiba tu, maana kwenye simu hatumalizi dakika tatu kabla mmoja hajamkatia mwenzake. Barua haikatizwi. Basi nisome mpaka mwisho.

Shemeji yako atakukabidhi kifurushi. Ndani ya kitambaa kibichi mna vijiti sita vya bogenvilia ya mama, ile ya mlangoni, yenye maua ya rangi ya chungwa ambayo yakizeeka yanageuka ya waridi. Nimevikata leo asubuhi kabla jua halijawa kali, kila kimoja urefu wa shibiri. Majani na miiba yote nimeiondoa ili isimchome mbebaji. Akifika visikae, uvipande siku hiyo hiyo.

Panda kama mama alivyokuwa akipanda, huna haja ya kufundishwa. Na usiniulize kwa nini nakutumia sasa.

Dada yako

18 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, mikono tu ndiyo imekwisha kwa sabuni. Mashine moja ya kufulia imegoma, kwa hiyo mashuka ya wodi zote tunayasukuma kwenye ile iliyobaki, na mkuu wetu anakuja kila nusu saa kutuambia tuharakishe, kisha anarudi kukaa. Msalimie binti, mwambie mluzi wake nausikia hadi huku.

Shemeji alifika amekikumbatia kifurushi kama aliyebeba mayai. Nilimpa chai akanywa vikombe vitatu, akasema maneno manne. Nimeyahesabu.

Nilitafuta makopo sita ya maziwa, nikayatoboa chini, nikachanganya udongo na mchanga. Yako kwenye roshani yangu, ambayo unakumbuka inatosha kiti kimoja na kamba ya nguo. Kiti nimekihamishia ndani. Nimepanda kama mama alivyopanda, ondoa shaka.

Nimepata na mwalimu. Jirani wa chini, tunayemwita Fundi Saa kwa sababu anatengeneza saa, dirisha lake lote ni zinia: nyekundu, njano, zambarau, zote za kutawanya mbegu tu. Anasema zinia hazijawahi kumwaibisha mtu. Amenipa kitawi cha yale majani ya rangi rangi, akaniambia nikitie kwenye glasi ya maji nisikiguse. Siku ya sita kikawa na mizizi myeupe kama nyuzi zako. Dada, nikirudi kazini naitazama ile glasi kabla sijavua viatu.

Mwaka mzima tangu mama atutoke hukunitumia hata jani. Umesema nisiulize kwa nini sasa. Basi sijauliza.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Cherehani imepona, aliyeitengeneza ndiye anaumwa mgongo. Mafundi wa bomba la maji wamefika mtaani kwetu. Wanachimba mtaro kutoka kwenye kona ya muuza mkaa, na kwa kasi yao watakuwa kwetu kabla mwezi haujaisha. Vumbi limeingia hadi kwenye gauni la bibi harusi wa watu.

Swali langu ni moja. Vijiti vimechipua? Nijibu wazi, nataka na idadi. Shemeji yako akitoka kwako Alhamisi awe na jibu mfukoni. Usinizungushe.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Huku hatujambo, mashine imetengenezwa, mkuu amepata homa na kazi inakwenda vizuri ajabu.

Vijiti vimechipua! Vyote sita! Kimoja kina majani matatu na kingine kinakuja nyuma yake kwa kasi. Fundi Saa amepanda ngazi mwenyewe, na magoti yake yale, kuja kuviangalia. Mama angefurahi. Usiwe na wasiwasi hata kidogo, lala usingizi wako.

Naandika kwa haraka, shemeji ameshawasha lori.

Mdogo wako

24 Machi

Mziwanda wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama. Sita kati ya sita! Mama mwenyewe alikuwa akipata vinne akashukuru. Nilimsomea shemeji yako kwa sauti. Alikuwa anakula, akaacha kula, akatoka nje kuangalia matairi. Ana wivu, bila shaka.

Huku maji yameingia ndani. Kuna bomba jikoni na lingine uani. Siku ya kwanza nililifungua, nikalifunga, nikalifungua tena, mpaka binti akanisogeza. Miaka ishirini nimebeba ndoo kutoka kisima cha mtaa wa pili, na mingi kati ya hiyo nilikuwa nambebea mama maji ya kuoga. Sasa nageuza mkono tu. Usinione mtoto, nililia.

Chumba cha kushonea nacho kina mwanga mwingi siku hizi. Natunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Vitunze hivyo vijiti. Vitunze sana.

Dada yako

4 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara tatu, kwa hiyo habari za kazi na za mkuu tuziache.

Nilikudanganya. Sikutia chumvi, nilipika chungu kizima. Siku niliyokuandikia vimechipua, kilichokuwepo ni alama ndogo ya kijani kwenye kijiti kimoja, kama kichwa cha pini. Kesho yake ikakauka. Sasa vinne vimekufa kabisa, ukivishika vinavunjika kama njiti za kiberiti. Viwili vimebaki na sijui kama navyo ni hai au ni adabu tu inayovizuia visianguke. Shemeji aliviona. Nilimwapisha asikuambie, akaitikia kwa kichwa, nikajua nimemtwisha mzigo.

Na si kwamba nilifanya uvivu. Nilimwagilia, nikaviweka kivulini, nikahakikisha ule mkato wa mshazari umezama chini kabisa kwenye udongo na ule ulionyooka uko juu, kama Fundi Saa anavyofanya kwa kila kijiti chake. Nilisugua hata makopo.

Nikuambie na lingine, maana nimeshaanza. Uliniandikia nipande kama mama alivyokuwa akipanda. Dada, mimi sikuwahi kumwona mama akipanda. Nilikuwa na miaka saba mliponipeleka kwa mama mdogo nikasome. Nikija likizo nilikuta maua yameshaota, na wewe na mama mnaongea habari zake kama watu wa kazi moja. Mimi nilikuwa mgeni anayeandaliwa kitanda. Ningekuandikiaje kwamba sijui? Ungeniambia, "Si unaona, hukuwahi kuwa wetu." Najua hukuwahi kulisema hilo. Mimi ndiye nalisikia.

Naomba unitumie vijiti vingine, hata viwili. Safari hii niambie kila kitu kama unamwambia mtoto.

Mdogo wako mwongo

9 Aprili

Wewe,

Hakuna vijiti vingine. Bogenvilia haipo.

Mtaro wa bomba ulipita palepale mlangoni. Fundi wao alinionyesha kwenye karatasi mwezi wa kwanza: ama ua la mama ling'olewe, ama bomba liishie barabarani nasi tuendelee na ndoo. Nilitia sahihi. Mimi, kwa mkono wangu. Ndiyo maana nilikutumia vile sita, na ndiyo maana nilitaka idadi. Walipokuja na sururu nilikuwa nimeshika mkasi, nikate vingine niweke akiba hapa nyumbani. Kisha nikaikumbuka barua yako. Vyote sita! Nikaurudisha mkasi mezani. Nikajiambia kwa mdogo wangu viko sita, vya nini tena. Nilikuwa na kazi ya watu ya kumaliza. Wakang'oa, wakapakia kwenye toroli, wakaenda.

Mwanga wote ule niliokuandikia ni kwa sababu dirishani hakuna kitu.

Umeniumiza. Najua nami nilikuficha, na shemeji yako ametembea mwezi mzima na siri mbili kifuani, yako na yangu, mpaka hawezi kumeza. Lakini leo nimekasirika na sitajifanya sijakasirika.

Saa kumi jioni, siku hiyo hiyo

Nimeisoma tena barua yako nikiwa napindua suruali ya mteja, na nimeinuka suruali ikaanguka.

Umesema umezamisha mkato wa mshazari chini? Mziwanda, umevipanda miguu juu!

Watu wengine wote hukata mshazari chini. Mama alikata mshazari juu, ili mvua iteleze isikae kwenye kidonda ikakiozesha, na chini alikata bapa. Mimi nimekata nguo mshazari maisha yangu yote na kijiti najua kukikata kwa namna hiyo moja tu. Haikunijia kabisa kwamba kuna mtu angeweza kutojua. Na majani na miiba nilishakuondolea, ungejuaje? Hilo ni kosa langu, si lako.

Sasa sikiliza, namwambia mtoto. Vile viwili vilivyobaki vichomoe polepole. Kwaruza ganda kwa ukucha. Ukiona kahawia ndani, kimekufa. Ukiona kijani, kiko hai. Kata sehemu yote iliyooza mpaka ufike kwenye kijani. Kigeuze. Mshazari juu, bapa chini. Kifunike kwa chupa ya maji uliyoikata kitako, uache kizibo wazi. Usimwagilie kila siku, gusa udongo kwanza. Wewe na mikono yako ya dobi mmezoea maji mengi. Na usikivute kuangalia mizizi, hata roho ikikuuma.

Shemeji yako alikuwa aondoke keshokutwa. Nimemwambia anaondoka kesho. Amesema, "Haya," na kwa mara ya kwanza wiki hii amekula akamaliza.

Dada yako

14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Shemeji alikuja moja kwa moja hospitalini, akanisubiri mlango wa chumba cha kufulia. Nilisoma nimesimama katikati ya mashuka.

Kimoja kilikuwa kahawia hadi mwisho. Kingine nilikwaruza kahawia, nikakata, kahawia, nikakata tena. Nilipobakiwa na kipande cha urefu wa kidole cha kati ndipo nikaona kijani.

Kimebaki kimoja. Nimekigeuza. Fundi Saa amesema mama yetu alikuwa na akili kuliko yeye, na kwamba hataki jambo hilo lienee jengoni.

Samahani, dada.

Mdogo wako

30 Mei

Mziwanda wangu,

Habari za siku nyingi. Huku wazima. Binti ameacha mluzi, ameanza ngoma, tunaukumbuka mluzi.

Wiki sita hujaandika. Namuuliza shemeji yako ameonaje, anasema umemwapisha tena. Nadhani kijiti kimekufa na unaogopa kuniambia. Kama kimekufa, kimekufa, usiendelee kukibeba. Hasira zangu ziliisha siku ya tatu. Nimebaki na kitu kingine ambacho ni kizito kuliko hasira, na nimechoka kukishika.

Siku ya mazishi ulisema mbele ya watu kwamba mama hakuwahi kukupa kitu. Nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza makusudi, kisha nikakujibu vibaya. Jibu lenyewe ni hili.

Mwaka ule ulipopelekwa kwa mama mdogo, mama alikata kijiti cha bogenvilia kwenye uzio wa shule alikokuwa akifagia. Akakipanda kwenye kopo la maziwa, akaliweka mlangoni. Ukija likizo ulibebe ukapande huko, uwe na kitu cha nyumbani. Ukaja. Ukalia kwa sababu viatu vya shule vilikuwa vinakubana, gari likaja mapema, ukaondoka. Kopo likabaki. Likizo iliyofuata akaliandaa tena, akalifunga utepe. Kijiti hakikuwa kimeshika vizuri, akaogopa kitakufa njiani, akasema likizo ijayo. Ikawa hivyo. Mwaka wa tatu mizizi ilikuwa imepenya matundu ya kopo na kuingia ardhini, na hakuna tena aliyeweza kulinyanyua. Nilimwambia tuling'oe, linaziba njia. Akasema, "Acha. Hilo lina mwenyewe."

Mti ule wa mlangoni ulikuwa wako, mdogo wangu. Miaka ile yote mimi nilibeba ndoo za kuumwagilia, na ulikuwa wako. Nilikuwa na mama kila siku na bado nilikuonea wivu kwa ajili ya kopo. Ndiyo sababu nililimeza jibu lile mazishini. Na nilipotia sahihi ile karatasi, sitakuficha, kuna kipande cha moyo wangu kilisema afadhali.

Walipong'oa, shinani walikuta bati limeoza, limebaki duara tu, kama pete. Liko hapa juu ya cherehani. Nakutumia na barua hii. Ni lako.

Dada yako

13 Juni

Dada,

Shikamoo, na shikamoo tena. Pete ya bati imefika. Nimeiweka kwenye meza, sijaweza kuiweka kwingine, na mezani siwezi kula.

Nililia sana, sitakuficha nami. Nililia kwa ajili ya yule mtoto wa viatu vinavyobana, kisha nikalia kwa ajili yako na ndoo zako. Nilikuwa nadhani wewe ulipewa mama na mimi nikapewa shule. Sikujua kuna mtu alikuwa anaumia upande ule pia. Sina wivu na bomba lako, dada. Ulifanya vizuri kutia sahihi. Ningekuwa mimi ningetia mara mbili.

Sasa kuhusu kimya changu. Sikukiogopa kijiti kilichokufa. Niliogopa kukudanganya tena bila kutaka. Alama ya kijani ilitokea mwisho wa mwezi wa nne, nikajiambia usiandike. Likaja jani moja, nikajiambia usiandike. Leo majani ni manne, na nilipoinua kopo kulisafisha chini, nimeona mzizi mweupe unachungulia kwenye tundu. Sikuuvuta. Fundi Saa ndiye shahidi, na shemeji pia. Muulize, nimemfungulia mdomo.

Kimoja kati ya sita. Lakini hiki ni cha kweli.

Mdogo wako

Nyongeza. Shemeji amesoma juu ya bega langu, akasema, "Mwambie ni kizuri." Hayo ni maneno matatu bila kuulizwa.

2 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Hii ni barua fupi kwa sababu mengine nitakuambia kwa mdomo.

Limechanua. Rangi ya chungwa, na tangu Jumapili yale ya kwanza yameanza kugeuka ya waridi pembeni. Watu wa jengo wanapita barabarani na kunyanyua kichwa. Fundi Saa ametoa kiti chake nje, anakaa chini ya roshani yangu, na nimemwambia zinia zake zitanuna.

Miezi miwili iliyopita, kabla halijachanua, nilikata tawi moja. Urefu wa shibiri, asubuhi kabla ya jua kali. Bapa chini, mshazari juu. Nimelipanda kwenye kopo la maziwa, na ndani ya kopo, chini kabisa, nimeweka ile pete ya bati. Limetoa majani mawili, mizizi bado haijashika sawasawa. Kwa barabara mbaya ile linaweza kufa njiani.

Kwa hiyo sitamkabidhi shemeji. Nimeomba likizo yangu yote ya miaka mitatu ambayo sikuwahi kuichukua, na mkuu ametia sahihi huku akiguna. Jumamosi napanda lori, kopo nalipakata mwenyewe. Nionyeshe pale mlangoni lilipokuwa ua la mama, tulipande kando kidogo ya bomba lako, na maji nitayabeba mimi.

Safari hii hata gari likija mapema, siondoki mpaka lishike.

Mziwanda wako